Halali

Swali la kwanza kwenye fomu ni fupi:
wangapi hulala hapa?
Bi Verlene Tibbs, ghorofa ya pili, mashariki ya Cleveland,
alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Watatu," akasema. "Mimi, Odessa, Leander."
Nikauliza, maana ndicho nilicholipwa:
"Leander naye hulala hapa?"
Akafunga friji kwa goti.
"Yuko Pell Ridge. Mwaka wa sita huu. Bado minne."
Nikafuta tatu, nikaandika mbili.
Raba ikaacha doa.

Nikamweleza kanuni: mtu huhesabiwa alalapo,
hata kama kitanda ni cha serikali
na ufunguo uko kiunoni mwa mwingine.
Ndiyo sheria, mama. Ni halali.
"Halali," akasema, na neno likageuka ulimini mwake.
"Kweli halali. Taa ya kule haizimwi,
mwanangu huniandikia saa tisa za usiku.
Sasa asiyelala, karani, mnamhesabia wapi?"

Alinisomea barua moja, amesimama:
"Mama, huku tunahesabiwa mara tano kwa siku.
Mtaani hakuna aliyewahi kunihesabu hivi."

Mara ya sita ilikuwa yangu.

Pell Ridge, maili mia na arobaini kusini, mahindi na soya,
ilikata kata zake kwa hesabu zetu.
Kata ya Nne: watu elfu moja na mia mbili.
Toa walio nyuma ya ukuta, wanabaki themanini na sita,
pamoja na vichanga, pamoja na Bwana Stoltz
ambaye kila uchaguzi husahau miwani nyumbani.
Hao wana diwani mzima mzima.
Ng'ambo ya reli, Kata ya Pili, elfu na mia mbili wenye milango yao
wanavutana diwani mmoja kama ndugu na blanketi.
Na wale wa ndani? Wanapigiwa hesabu,
kura hawapigi.
Mtaa wa Bi Verlene nao, tuliambiwa, umepungua watu;
ukaunganishwa na watu wa ng'ambo ya mto
wasioujua hata kwa jina.

Diwani wa Kata ya Nne aliitwa Dwight Amstutz,
fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, kura thelathini na moja.
Hakuwa mtu mbaya. Siku moja akapata barua:
"Wewe ndiwe diwani wa mwanangu.
Taa ya chumbani mwake haizimwi. Nenda ukaitazame."
Akaenda, Jumamosi, na tai yake ya mazishi.
Askari wa langoni, aliyecheza naye mpira shuleni,
akapitisha kidole kwenye orodha ya wageni.
"Dwight, wewe ni nani wake?"
"Mwakilishi wake."
Askari alicheka mpaka akaomba radhi.
Jina halikuwemo.
Akamjibu Bi Verlene kwa mistari miwili:
"Nilifika, sikuingia.
Taa niliiona kutoka barabarani."

Sisemi ni jambo jepesi. Maji anayokunywa Leander
hutoka Pell Ridge, na majitaka yake
hupita chini ya karakana ya Amstutz.
Lakini shule iliyofungwa ni ya binti yake, Odessa,
huku kwetu, na kwenye kikao kile
hakubaki wa kugonga meza kwa niaba yake.

Miaka kumi. Sensa nyingine, ngazi zile zile.
Mlango ukafunguliwa na mwanamume mrefu, miguuni soksi tu.
Nikauliza swali la kwanza.
"Watatu," akasema.
"Nawe hulala hapa?"
Akageuka, akatazama swichi ya taa ukutani.
"Nipo hapa," akasema. "Kulala bado najifunza."
Nikaandika tatu, nikakandamiza kalamu
mpaka ikatoboa karatasi.